Waliosema turbo haidumu ndio walikuja kuiua: pikapu yangu na milima ya Meru–Embu

Wakuu, Bwana asifiwe. Kama hutaki kuitikia si lazima, wewe kaa tu usome.

Mimi nimekuwa mtu wa kusoma hapa na kupita bila kusema kitu. Lakini juzi nimeona ule uzi wa "turbo inadumu ama haidumu", na nikaona wataalamu ni wengi kuliko magari.

Mmoja amesema ukinunua gari ya turbo ununue na jeneza yake. Mwingine amesema turbo ni ya Wazungu wenye barabara tambarare. Huyo wa pili nilimwangalia profile, anauliza pia vile baiskeli inawekwa mnyororo.

Nikasema leo hata mimi nitatoa ushuhuda.

Haya nitaandika ni yale niliona na macho yangu. Yale sikuona nitawaambia nani aliniambia. Siwezi kuimba kwaya Jumapili halafu Jumatatu nidanganye watu sijui hata sura zao.

Jina la kampuni ya gari sitataja. Najua nikitaja mtaanza kupigana kabla nifike katikati.

Sasa.

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko arobaini na kitu. Nimeolewa Muthara, huko Tigania, lakini tunakaa Meru town. Kwetu kuzaliwa ni Runyenjes, upande wa Embu. Kazi yangu ni ndizi na avocado. Nanunua Runyenjes kwa wakulima, nauzia wenye vibanda kwa soko ya Gakoromone, hapo Meru. Kwa hivyo barabara ya Meru–Embu mimi siijui kwa ramani, naijua kwa mgongo.

Wale hamjawahi kupita hiyo barabara, niwaambie iko hivi: unapanda mlima, unashuka kwa mto, unapanda mlima, unashuka kwa mto, mpaka unajiuliza kama Mungu alikuwa anafanya mazoezi hapo kabla atengeneze nchi zingine.

Secondary nilimalizia masomo ya jioni nikiwa tayari na watoto wawili. Physics yangu ilikuwa ya saa moja jioni, nusu ya darasa imesinzia, nusu inawaza nani amepika nyumbani. Nasema hivyo ndio mtu asinijie hapa na formula.

Gari yenyewe ni pikapu double cabin, dizeli, turbo, gia ya mkono. Tulinunua ikiwa imetumika Japani. Iko na sisi mwaka wa tisa sasa. Na hiyo turbo ilikuja nayo ndio nilikuwa nayo mpaka mwaka jana.

Kitu kimoja mshike hapa mapema. Hiyo gari kwa kazi ilikuwa yangu. Mimi ndio naendesha, mimi ndio napeleka service, ndizi zangu ndizo zilimaliza kuilipa. Lakini kwa logbook ilikuwa jina la mume wangu, Baba Kendi. Hakukuwa na ubaya, ni vile tu watu hufanya. Baba Kendi ni mwalimu wa primary, mtu mpole, gari yeye anaionanga kama ng'ombe ya jirani. Anajua iko, hajui inakula nini.

Sasa kuna shemeji yangu.

Anaitwa Mutwiri, ndugu mdogo wa Baba Kendi, anakaa huko nyumbani Muthara. Mutwiri hajawahi kuwa na gari. Hiyo imempatia wakati mwingi sana wa kuzijua.

Kila tukienda nyumbani, kabla nipewe hata chai, Mutwiri anazunguka pikapu mikono nyuma kama daktari wa mifugo.

"Mama Kendi, bado inatembea?"

"Si umeona imenileta, shemeji."

"Hii ni turbo. Turbo ikifika mwaka wa tatu ni kwaheri. Mwambie ndugu yangu auze ikiwa bado inawaka."

Mwaka wa tatu ukafika, ukapita. Akasema ni mwaka wa tano. Wa tano ukapita. Akasema sasa ndio hatari kabisa, kwa sababu imejificha. Mnaona imani hiyo? Mimi nimesali maisha yangu yote na sijafikisha imani ya shemeji yangu kwa kifo cha turbo.

Shida ni kwamba maneno hayo Baba Kendi alikuwa anayasikia pia. Mtu akiambiwa kitu kimoja miaka nane na ndugu yake wa tumbo moja, hata kama si kweli, inaanza kuwa na harufu ya kweli. Ikafika mahali ananiuliza usiku tukilala, "Lakini Mama Kendi, si tuuze tununue kitu ya kawaida?" Kitu ya kawaida ni gani? Nikimuuliza hajui. Ni Mutwiri anajua.

Mimi nikasema hiyo gari hatuuzi. Hiyo ndio mkono wangu wa kulia. Ukiuza hiyo unaniweka kwa gari za watu, na mwenye gari akichelewa ndizi zangu zinaiva kwa barabara. Ndizi haijui kungojea.

Sasa niwaambie kwa nini turbo yangu haikufa miaka yote hiyo. Hapa ndio mtanicheka, chekeni tu.

Nilipoanza kuendesha nilikuwa naogopa sana. Nikifika kwa mama yangu Runyenjes, siwezi hata kutoa mkono kwa usukani nishike funguo. Kwa hivyo nilikuwa nakaa hapo injini ikiendelea kunguruma pole pole, nashukuru Mungu. Nashukuru kwa daraja, nashukuru kwa lori haikunigonga, nataja watoto mmoja mmoja, nasema Baba Yetu, ndio nazima.

Ikawa tabia. Uwoga uliisha, maombi yakabaki. Mpaka leo sizimi gari bila kumaliza kushukuru.

Watu wamenicheka sana. Gakoromone wale vijana wa kushusha mizigo wanaitana, "Tulieni, Mama Kendi bado yuko mbinguni." Mutwiri naye alikuwa anasema naombea dizeli iishe. "Zima gari uombe! Mungu hasikii injini ikiwa imezimwa?"

Halafu siku moja fundi wangu wa Meru, Kirimi, akafungua hiyo gari kwa service kubwa akashangaa. Akaniuliza turbo nilibadilisha lini. Nikamwambia hiyo ni ile ilizaliwa nayo. Akasema haiwezekani, na hii milima. Akaniuliza nikifika mahali nafanya nini. Nikamwambia naomba. Akacheka mpaka akakaa kwa tairi.

Ndio akanieleza. Turbo inazungushwa na moshi ule wa moto unatoka kwa injini. Ukipanda mlima na mzigo inakuwa moto sana, na inazunguka kwa kasi hujawahi kuona. Kitu kinaishikilia isiungue ni oili, na oili inasukumwa na injini. Sasa ukifika juu umechoka, ukazima hapo hapo, oili inasimama na turbo bado ni moto. Ile oili imebaki ndani inaungua kama mafuta umesahau kwa sufuria, inakuwa masizi. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka turbo inakosa kunywa.

Lakini ukiiacha injini ingurume pole pole dakika chache kabla uzime, inapoa ikiwa na oili yake.

Kwa hivyo zile dakika zangu za maombi ndizo zilikuwa zinaipoza, na mimi sijui.

Pastor wangu aliposikia alitaka nipande madhabahuni niseme ni muujiza. Nikamwambia pastor, mimi naamini miujiza, lakini hii ni oili. Mungu ndiye aliumba oili pia. Hakufurahi sana.

(Nimerudi. Nilikuwa naepua githeri.)

Sasa tuingie kwa shida yenyewe.

Mwaka jana Mutwiri alianza kupenda pikapu. Anakuja kuazima. Leo ni mbao, kesho ni simiti, siku ingine ni mgonjwa. Hapo nyumbani kwetu huwezi kunyima shemeji gari, utaitwa mpaka kwa mkutano wa ukoo. Na alikuwa anarudisha ikiwa safi, imeoshwa mpaka magurudumu. Nikasema labda Bwana amemgusa.

Kitu nilianza kuona ni oili. Nikivuta ile fimbo ya kupima, oili imeshuka. Naongeza. Wiki ingine imeshuka. Miaka yote hiyo gari haijawahi kunywa oili. Halafu nikasikia kamlio kembamba nikipanda mlima, kama mbu ameingia kwa sikio.

Nikamuuliza Mutwiri, shemeji, unaendesha aje hii gari?

"Naendesha kama mwanaume, Mama Kendi. Na tena mimi natumia dizeli kidogo kuliko wewe. Muulize ndugu yangu."

Na ni ukweli. Baba Kendi alikuwa ameniambia kwa kiburi kabisa, "Mutwiri akienda Chuka na kurudi mshale wa dizeli hausongi." Nikashangaa huyo mtu amesomea wapi.

Sasa ikafika siku ya kupeleka uchumba. Kijana wa dada yao alikuwa amepata msichana, na Mungu ni nani, msichana ni wa huko kwetu Runyenjes. Kwa hivyo wazee wa Muthara ikabidi waende Embu kuongea. Wazee wanne na miraa ya heshima imefungwa kwa majani ya ndizi vile mila inataka. Mimi na miraa si marafiki, lakini hiyo ni mila yao.

Gari ni yetu. Dereva ni Mutwiri. Mimi na Baba Kendi tukaachwa Muthara, mimi na akina mama wengine kupika ya kuwapokea wakirudi.

Kuna mwenye ataniuliza kwa nini nisiendeshe mimi, na ni barabara yangu na ni kwetu. Ati wazee wa uchumba hawawezi kupelekwa na mwanamke. Ndizi zinaweza, wazee hawawezi.

Wakaenda asubuhi. Jioni jua bado liko juu ya miti tukasikia gari inakuja. Lakini kabla tuione tuliona moshi. Moshi ya bluu, nene, kama mtu anachoma godoro. Ng'ombe ya mama mkwe ikakata kamba.

Mutwiri akaingia kwa boma, akasimama karibu na mlango wa jikoni, akazima.

Gari ikakataa kuzima.

Wakuu, sidanganyi. Alizungusha funguo, akatoa funguo kabisa, injini ikaendelea. Haikuendelea tu, ilianza kupanda. Ikalia, ikalia zaidi, ikalia mpaka mabati ya jikoni yakaanza kucheza. Moshi ikafunika boma yote. Wazee wanne walitoka kwa hiyo cabin kwa mbio sijawahi kuona kwa watu wa umri huo. Mmoja aliruka ua.

Na Mutwiri akaruka nje pia! Akasimama hapo mbele ya gari ananyoshea funguo kama rimoti ya TV.

"Zima!" mama mkwe anapiga kelele kutoka ndani. "Mutwiri, si uzime!"

"Nimezima, mama! Nimezima!"

Mimi nilikuwa na mwiko kwa mkono. Sijui niliuweka wapi mpaka leo.

Kile kilikuja kwa akili yangu ni kitu kimoja tu. Nikijifunza kuendesha, nilikuwa naizima injini kila mlima kwa kuachilia klachi vibaya. Mwalimu wa driving alikuwa ameniambia hajawahi ona mtu ana talanta ya kuzima gari kama mimi. Nikasema basi, leo ni siku ya hiyo talanta.

Nikaingia. Nikavuta handbrake, nikakanyaga breki na mguu wangu wote na uzito wangu wote, na si kidogo. Nikaweka gia ya mwisho, ile ya tano. Nikasema, "Mwathani, Bwana wangu, nisaidie," nikaachilia klachi mara moja.

Gari ikaruka kama punda amepigwa, ikatetemeka, ikazima.

Moshi tu inapanda. Kuku moja inalia mbali.

Fundi Kirimi baadaye aliniambia kilichotokea. Mihuri ya turbo, zile seal za kuzuia oili, ilikuwa imeisha, oili inaingia kwa injini kupitia kwa njia ya hewa. Dizeli haijali, oili kwake pia ni chakula. Kwa hivyo ukizima funguo unakata dizeli, lakini yeye anaendelea kula oili yake mwenyewe mpaka ajiue. Na tena Mutwiri alikuwa ameona moshi kuanzia Chuka, njiani wakirudi, akafikiria gari iko na kiu, akaiongezea oili mpaka ikapita alama. Amelisha moto petroli anaita maji.

Lakini siku hiyo hatukujua hayo. 

Mutwiri ndiye aliongea wa kwanza. Akajipanguza suruali, akamgeukia ndugu yake.

"Si niliwaambia? Miaka nane naongea. Turbo ndio hiyo."

Na watu wakaanza kutikisa kichwa. Eeh, turbo. Turbo ni mbaya. Hata wale hawajui turbo ni ya gari ama ni ya redio, wanatikisa.

Baba Kendi akaniangalia. Niliona kwa macho yake amekubali. Nikajua gari imeenda.

Sasa hapa kuna mzee mmoja, tumwite M'Imathiu, yule alikuwa ameruka ua. Alikuwa amerudi, anatafuta kofia yake. Mzee mzuri sana, wa zaidi ya miaka themanini, hana ubaya na mtu. Akaona Mutwiri amesimama hapo amejaa moshi, akamhurumia. Akataka kumtetea.

Akasema, "Lakini msimlaumu kijana. Anaendesha vizuri huyu! Njia yote gari ilikuwa inazima vizuri kabisa."

Nikauliza, "Ilikuwa inazima aje, mzee?"

"Si alikuwa anaizima kila mlima! Tukifika tu juu, anazima, tunateremka kimya kimya mpaka kwa mto kama tai. Huko chini anaachilia mguu kwa klachi inawaka, tunapanda tena. Kuenda na kurudi. Hata nilimwambia, kijana, wewe utakuwa tajiri, huharibu mafuta ya watu."

Aki wakuu. Mzee alikuwa anasifu na moyo wake wote.

Mnaelewa lakini? Kila mlima wa hiyo barabara, kuenda na kurudi. Anapanda na watu watano, turbo inakuwa moto kabisa, anafika juu anaizima hapo hapo ikiwa moto zaidi. Halafu anateremka bila injini, breki imekuwa ngumu kama mawe, usukani mzito, na wazee wa ukoo wamekaa nyuma wanasema kama tai. Mteremko wa Nithi, pale magari huanguka kwa daraja, wenye wanaujua wanaujua. Hapo mimi mwenyewe nashuka na gia ya pili na Zaburi.

Na ndio hiyo siri ya mshale wa dizeli hausongi.

Nikamwangalia Mutwiri. "Shemeji, umekuwa unafanya hivyo tangu uanze kuazima?"

"Hiyo ni kubana matumizi. Madereva wote wa zamani wanafanya hivyo. Gari nzuri haiwezi kufa kwa sababu imezimwa, Mama Kendi. Si kuzimwa ni kupumzika?"

Nilirudi jikoni. Kuna wakati Roho anakufunga mdomo kwa faida yako.

Lakini ngoja msikie kile kilifuata. Tumekula, wazee wametoa habari (msichana walipewa, asanteni kuuliza), Mutwiri akamvuta Baba Kendi kando. Mimi nilikuwa naosha sufuria hapo nyuma, nilisikia yote.

"Ndugu yangu, hii gari sasa ni chuma. Hakuna mtu atakununulia. Lakini wewe ni damu yangu. Mimi nitaitoa hapa, nitakupatia kitu kidogo kidogo vile Mungu atajalia. Wewe leta tu logbook."

Baba Kendi akauliza, "Utaifanyia nini ikiwa imekufa?"

"Nitaangalia angalia. Nitahangaika nayo. Hiyo shida wewe niachie."

Upendo ulioje. Mtu amesema miaka nane kwamba hii chupa ni sumu, sasa anataka kuinywa yote peke yake, tena kwa deni.

Tukirudi Meru na gari ya watu, Baba Kendi akaniambia amefikiria, afadhali ampatie. Nikamwambia, Baba Kendi, mimi sijawahi kukukatalia kitu mbele ya watu wenu, na sitaanza. Lakini hii logbook usimpatie mtu kabla Kirimi afungue hiyo gari, na wewe uwe hapo uone na macho yako. Akisema imekufa, mimi mwenyewe nitakushikia kalamu. Akakubali. Ni mwalimu, hawezi kukataa mtihani.

Gari ikavutwa mpaka Meru. Kirimi akafungua. Baba Kendi amesimama hapo na shati yake ya shule, amekunja mikono.

Turbo ilikuwa imekwisha, sitawadanganya. Ile paipu ndogo ya kupeleka oili ilikuwa imejaa masizi, Kirimi akaichokora na waya ikatoa vitu kama makaa. Akamwonyesha Baba Kendi.

"Mwalimu, unaona? Hii haikuungua ikitembea. Hii iliungua ikiwa imezimwa."

"Na injini?"

"Injini ni nzima. Ingelia hivyo dakika kidogo zaidi ingevunjika vipande. Nani aliizima?"

Baba Kendi akaninyoshea kidole. Kirimi akaniangalia. "Na ile maombi yako, mama?"

"Siku hiyo niliomba kwa ufupi."

Turbo ingine ikawekwa, paipu mpya, oili yote ikamwagwa. Baba Kendi akalipia nusu na mimi nusu. Lakini bado hakuwa amesema kitu kuhusu logbook. Alikuwa anasema "tutaona". Mutwiri anapiga simu kila siku kuuliza hali ya mgonjwa, na Baba Kendi anaenda kuongelea nje.

Basi. Wiki hiyo niko Gakoromone na ndizi nimeleta na gari ya kukodi, yetu bado iko kwa Kirimi. Mama mmoja rafiki yangu hapo, anashona turubai za pikapu na za vibanda, akaniita kutoka mbali.

"Mama Kendi! Turubai yenu iko tayari, mbona hamuchukui? Inanijazia duka."

Nikamwambia sijaagiza turubai.

"Si ile ya pikapu yenu! Shemeji yako alileta vipimo, akasema ni ya gari yake amenunua kwa ndugu yake, ya kubeba miraa. Nikajua ni yenu, ni mimi nilishonea ile ya kwanza. Hata ameacha deposit, akaniambia niandike jina yake kwa nyuma."

"Alileta vipimo lini?"

"Eeh, kitambo. Mbele ya mambo ya uchumba."

Mbele ya uchumba, wakuu. Gari bado ni nzima, inabeba ndizi zangu, na mtu amekwisha kuipima kanzu.

Sikulia. Sikupiga mtu simu. Nilimwambia rafiki yangu anisubiri, nikaenda nikamchukua Baba Kendi shuleni saa ya lunch. Nikamwambia kuna kitu nataka uone, sitasema mimi, utasomewa. Nikamleta mpaka kwa hiyo duka. Mama wa watu akafungua hiyo turubai yote hapo kwa barabara, kijani, imeshonwa vizuri, na nyuma herufi kubwa nyeupe: MUTWIRI & SONS.

Mutwiri ana wasichana wawili.

Baba Kendi akapitisha kidole kwa hizo herufi. Halafu akauliza yule mama, kwa upole wake wa siku zote, "Ukitoa hayo maandishi, kitambaa kitaharibika?"

"Hapana mwalimu, ni ya kushonewa juu. Nakata uzi tu inatoka."

"Basi toa."

Akalipa bei yote pale pale. Wiki ingine tukaenda kubadilisha logbook, ikawa jina langu. Hakuniambia pole, na mimi sikumwomba aseme. Aliniambia tu, "Ili mtu akitaka kuinunua akuulize wewe. Mimi nimechoka kupigiwa simu."

Mutwiri alipofika kwa mwenye turubai akapata imeenda. Alipata pia deposit yake ikimngojea kwa bahasha, nilimwachia, kwa sababu mimi ni Mkristo. Tangu siku hiyo hajaongea juu ya turbo. Sasa anaambia watu hybrid hazidumu.

Kwa hivyo somo langu kwa wale wanauliza turbo inadumu ama haidumu.

Inadumu. Weka oili nzuri ile imeandikiwa gari, si ile mtu anakupimia kwa chupa ya soda. Badilisha mapema, usingojee iwe kama lami. Ukiiwasha asubuhi usiipige mbio ikiwa baridi. Ukitoka kupanda mlima usizime mara moja, iache ingurume kidogo ipoe. Kama huna maombi, kula ndizi. Ukiona moshi ya bluu simama, usiongeze oili kwa kubahatisha. Na usizime gari kwa mteremko hata siku moja, hiyo dizeli unaokoa utainunulia sanda.

Turbo yangu ya pili inaendelea vizuri. Jana nimetoka Runyenjes na mzigo umejaa mpaka juu, mvua inanyesha kutoka Chuka mpaka Nkubu, na hakuna ndizi hata moja imelowa. Turubai inatoshea vizuri sana. Shemeji ni mtu wa vipimo.

Nimemaliza. Wenye turbo njooni mseme ziko na miaka ngapi na mnaziwekea oili gani. Wenye hamna gari pia mna ruhusa ya kuchangia, ila muanze kwa kusema hivyo. Nalala saa nne, nikiwa sijakujibu ni usingizi, si kiburi.